Kabla Sijakupima

Mimi ni Digna, nesi wa zahanati moja huku Old Moshi. Kazi yangu ni kupima ukakamavu wa mishipa ya watu wenye presha. Naweka kifaa shingoni, kingine pajani, na mashine inahesabu pigo la moyo limesafiri kwa kasi gani. Mshipa laini hulipitisha taratibu, uliokakamaa hulikimbiza. Mashine hulisikizisha pigo lenyewe, du, du, na tangu Juni kila pigo nalisikia la Mzee Basili.

Huyo sikuwahi kumpima. Nilimwambia, "Mzee, usimeze dawa kabla sijakupima," nikimaanisha asubuhi ile tu. Mashine ikaharibika, nikaahirisha wiki mbili, wala sikumkumbusha. Mzee aliyemaliza Kwaresima nzima bila kuonja pombe yetu ya mbege alitii neno langu. Siku ya kumi na moja alianguka shambani, kwenye kahawa zake. Kiharusi. Tukamzika palepale kihambani, kwenye shamba la ukoo wake, kati ya migomba, nami nikatupa udongo pamoja na wengine.

Sikumwambia mtu. Mwoga mkubwa mimi!

Leo aliyelala kwenye kitanda changu cha kupimia alikuwa mjane wake, Bibi Lukresia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nipime."

Nikamwekea vifaa. Du, du. Nikaweka kalamu chini bila kuandika kitu. Nikatoa mkobani jani la isale nililolibeba tangu mazishi. Kwetu, akuleteaye jani hilo huwezi kumnyima msamaha. Ndiyo maana niliona haya kulitoa, ningekuwa namlazimisha.

"Bibi, mimi ndiye niliyemzuia mzee dawa. Nikasahau kumwambia aendelee."

Hakulia, wala hakulipokea. Alifungua pindo la khanga yake akatoa jani lake la isale, bichi.

"Hili nalipeleka kaburini," alisema. "Kila siku napeleka. Asubuhi aliyoanguka aliniomba vidonge, Digna. Kichwa kilikuwa kinampasuka. Alinisihi. Mimi nikavificha, nikamwambia nesi amekataza."

Tukabaki kila mtu na jani lake mkononi, na wa kuyapokea yuko chini ya migomba. Mashine sikuwa nimeizima.

Du, du.

Bibi aligeuza kichwa polepole, akatega sikio.

"Ndiye huyo," akanong'ona. "Kumbe na wewe unamsikia?"

Nikamwambia ndiyo.