Bi Mwanajuma Aja Kuukagua Mji

Mimi Mwaija binti Mwinjuma sioni haya kusema: Bagamoyo ni mji wangu, na anayeutukana kanitukana mimi. Sasa fikiria Bi Mwanajuma anashuka kwenye gari la abiria kutoka Dar es Salaam, anakung'uta vumbi kwenye buibui lake, anatazama kulia, anatazama kushoto, kisha ananiambia, "Ndiyo hapa? Mbona mji umelala?" Nilikuwa na jibu la kumrudisha garini saa ile ile. Nikalimeza. Nilikuwa na shida naye.

Shida yenyewe ni hii. Mwanawe wa pekee, Kibwana, fundi cherehani, alikuwa amemposa Ashura, binti wa marehemu dada yangu, niliyemlea tangu hajaota meno. Kibwana alitaka wakae huku huku Bagamoyo. Baraza ya kuweka cherehani alishapata. Mama mtu kagoma. Ati mwanawe hahamii kwenye magofu! Wakae naye Kariakoo, la sivyo anaivunja posa. Nami habari ya Ashura kwenda Dar sikutaka hata kuisikia. Tukavutana wee, mpaka mwaka ule wa hamsini na mbili akaleta salamu kwamba atakuja mwenyewe aukague mji, kisha atoe neno la mwisho.

"Utalala kwetu, dada," nikamwambia tulipomaliza kuamkiana.

"Silali. Mimi nje ya godoro langu la sufi sipati lepe la usingizi. Gari likirudi baada ya alasiri, narudi nalo."

Haya. Ashura nikamwacha jikoni, nikatoka na mgeni wangu. Mpango nilikuwa nao: nimwonyeshe nyumba za mawe na milango yake ya nakshi, kisha tushuke pwani, tutembee mchangani wakati maji yamekupwa mpaka Kaole, akaone msikiti wa kale na makaburi yenye nguzo. Akitoka huko, hana ulimi tena wa kusema mji umelala.

Kumbe nilisahau ugonjwa wetu watu wa hapa: mgeni hapiti mlangoni kavukavu. Hatujaufikia hata mlango mmoja wa nakshi, Mwanvita wa vitumbua akatuona. "Mwaija! Unapita na mgeni kama umebeba kuni?" Tukakaa, tukala vitumbua. Tukanyanyuka, tukanaswa na Mzee Bwanausi kwenye kahawa. Yeye hamwachi mtu mpaka amjue babu yake. Akamhoji Bi Mwanajuma ukoo wake wote, akachimba, akachimba, mpaka akapiga kofi: "Bibi yako wa Mbwamaji na mimi, mama zetu ni ndugu! Wewe mjukuu wangu, nawe unapita hapa kama mgeni?" Kahawa nyingine. Mbele kidogo Dija, aliyetoka arobaini juzi, akampakatisha kitoto chake. Kitoto kikamkojolea.

Toba! Nikajua posa imekwisha. Jua lilikuwa utosini na Bi Mwanajuma hajaona hata nguzo moja. Nilikuwa nimekasirika, nikijibu karibu za watu kwa kichwa tu.

Tulipofika pwani, maji yamejaa. Njia yangu ya mchangani haipo.

"Basi turudi," nikasema, roho imeniuma.

"Turudi? Sikuja huku kula vitumbua." Akavua viatu, akapandisha buibui, akaingia majini. Nikamfuata. Tukaenda tunapigwa na mawimbi magotini, tunashikana mikono kwenye mizizi ya mikoko, na mahali pamoja alipoteleza, kiatu kimoja kikamtoka mkononi, kikachukuliwa na maji. Nilingoja matusi. Akacheka mpaka akakaa chini kwenye tope.

Kaole tukafika tumelowa. Tukaketi kwenye kizingiti cha msikiti wa kale, nikamwonyesha nguzo za makaburi, nikamwambia hawa walikuwa watu wa mji mkubwa, Dar es Salaam haijawa chochote.

"Nzuri," akasema, kama mtu anayesifia bamia.

Nikataka kumrukia. Lakini nilipomtazama, machozi yalikuwa yanamtoka.

"Mwaija, mimi na magofu hatuna ugomvi," akasema. "Kule ninakokaa wapangaji wanaingia na kutoka, hata majina yao siyajui. Kibwana akija huku, nitafia chumbani na watanijua kwa harufu. Naogopa, mwenzangu. Naogopa kubaki peke yangu."

Majibu yangu yote ya tangu asubuhi yakapukutika. Nikamwambia ukweli, ambao hata Ashura nilikuwa sijamwambia. "Nami ni hayo hayo. Mume kafa, wa kumzaa sina. Ashura akienda Dar, nitabaki kusemezana na vyungu."

Tukatazamana.

"Sasa tunagombea nini?" akauliza.

"Ujinga," nikasema. "Chumba cha uani kipo. Hakivuji."

"Sikukuomba chumba."

"Hukuomba. Nimekwambia tu kipo."

 Akanyanyuka, akashika njia ya mzunguko ya minazini, na njia nzima ya kurudi hakufungua kinywa. Nikajilaani. Mdomo huu! Kwa nini nimwambie mtu na hadhi yake habari ya chumba cha uani?

Mjini gari lilikuwa linapiga honi. Ashura amesimama kando na kifurushi cha mkate wa kumimina kwa ajili ya safari ya mkwewe, macho kwangu, anataka kujua. Mwanvita akapaza sauti toka kwenye karai lake, "Mgeni, unaondoka hujala?"

"Mama, panda twende," dereva akasema.

Bi Mwanajuma akaweka mguu kwenye kidato cha gari, kiatu kimoja mkononi. Akasimama hapo.

"Fundi Kibwana wa Kariakoo unamjua?" akamuuliza dereva.

"Namjua."

"Mwambie Jumamosi aje. Alete cherehani yake." Akashusha mguu. "Na godoro langu."

Ashura akadondosha mkate, akanirukia shingoni. Nikalia pale pale, mbele za watu, mimi Mwaija, wala sikujifuta. Nikalia kwa furaha mpaka Mzee Bwanausi akatoka barazani kuuliza nani kafa.

"Hakufa mtu, babu," Bi Mwanajuma akamjibu.

"Na leo utalalia nini?" nikamuuliza, pumzi zilipotulia.

"Leo silali," akasema, akiokota mkate. "Si una maneno mengi ya kuusifu mji wako? Nitakesha nikikusikiliza."