Karatasi ya Stesheni ya Miyombo

Wewe unayesikiliza, umewahi kufagia mahali pasipofika mtu? Hana alifagia. Kila Jumanne na kila Ijumaa alishika ufagio wake wa vijiti akafagia jukwaa lote la stesheni ya Miyombo, kwenye reli itokayo Manyoni kwenda Singida. Kisha aliweka kikapu cha mayai ya kuchemsha pale behewa la tatu lilipokuwa likisimama. Chumvi aliifunga pembeni, kwenye kikaratasi cha daftari.

Marehemu mumewe alikuwa mtu wa gengi, kikosi cha kutengeneza reli. Aliyabeba mataruma ya reli hiyo mpaka bega likainama. Siku hizo treni ikifika, Miyombo palikuwa soko: asali, kuku waliofungwa miguu, watoto wakipitishwa madirishani. Halafu ikaja biashara huria. Mabasi yakaongezeka barabarani, na malori ya alizeti nayo yakabeba watu juu ya magunia. Treni ya abiria ikaanza kuchelewa, ikawa inaruka siku, mwisho ikapotea kabisa. Watu wa gengi wakapunguzwa kazini. Nyumba zao zikabaki bila watu, kisha bila milango. Wakabaki wawili tu: Hana, na stesheni masta Laurenti, kapera wa miaka hamsini na kitu, suruali imepigwa pasi hata pasipokuwa na wa kuiona.

Juu ya dirisha la tiketi palibandikwa karatasi iliyoandikwa kwa mkono: TRENI YA ABIRIA IMESITISHWA KWA MUDA. Hana aliishia darasa la nne, lakini yale maneno mawili ya mwisho aliyashika.

"Muda una mwisho wake, Bwana Stesheni," alikuwa akisema. "Kama mimba."

"Ndiyo, Mama Ritha," alijibu Laurenti, huku akimenya yai taratibu, ganda moja moja.

Hana hakuwa na mwingine wa kukaa naye. Ritha, bintiye, aliolewa Tabora, na barua zake zilikuja kwa treni hiyohiyo. Alichokiogopa kilikuwa kimoja: asubuhi ambayo ofisi ile ingefungwa na mtu huyu aondoke. Hakuwahi kulisema. Mjane ataanzia wapi?

Ijumaa moja lori la Simoni, dereva wa alizeti wa Iguguno, likaingia stesheni kinyumenyume. Laurenti akaanza kutoa vitu vyake: kitanda, sanduku la bati, jiko la mchina.

"Shikamoo, mama!" Simoni akapaza sauti. "Bado unaifagilia tu? Treni yako imeshaolewa Dar, hairudi kwa wazazi!"

"Marahaba. Angalau imepata mchumba. Wewe je?"

Simoni akacheka mpaka akaegemea bodi la lori. Laurenti hakucheka. Aliibandua ile karatasi ukutani, akaikunja mara mbili.

"Mama Ritha, na mimi nimepunguzwa. Narudi kwetu Kilimatinde." Akaiinua ile karatasi. "Na hii... Barua ya wakubwa ilisema imesitishwa. Nukta. Nilipokuwa nainakili nilikuona hapo nje na kikapu chako. 'Kwa muda' niliongeza mimi."

Uso wa Hana ukawaka. "Umenifagilisha mwaka mzima!"

"Niliogopa ungeacha kuja."

Hana akatazama jukwaa alilolifagia, safi, mistari ya vijiti ikionekana vizuri kwenye vumbi, na hapakuwa na unyayo hata mmoja ila wake na wa Laurenti.

Simoni akapiga honi. "Jua linapanda, Bwana Stesheni!"

Laurenti akapanda, akakaa, akauvuta mlango. Injini ikanguruma. Ndipo Hana akautupa ufagio, akaudaka mlango kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza akamwita jina lake.

"Laurenti! Treni mimi ya nini? Nina safari gani? Nilichokuwa nataka ni wewe ubaki."