Nyota Nane za Kumfungua Mwenyewe

Kwa wote wanaohusika, na hata wasiohusika: mimi, mwanafunzi wa kidato cha tatu, niliyewahi kusimamishwa mbele ya shule nzima kwa kosa la kumlaza chura ndani ya ndoo ya kiranja wa bweni, natangaza rasmi kwamba hakuna kitu ninachokiogopa chini ya jua. Si mwalimu wa zamu, si mtihani wa hesabu, si mzimu wala ukoo wake.

Ila tu sipendi kuona taa ndogo nyekundu ikiwaka mchana ndani ya nyumba isiyo na mtu. Hapo naomba mtu anishike mkono.

Nilikuwa na miaka minane. Dada yangu alikuwa na kumi na minne, na zilibaki wiki tatu aende shule ya bweni, safari ya siku nzima kwa basi. Mama, ambaye ni fundi cherehani, alikuwa ameshaanza kumshonea sare. Ndipo mjomba, fundi wa televisheni, akatuletea mashine ya gemu imefungwa ndani ya mfuko wa mchele.

"Imekaa dukani mwaka mzima," alisema akichomeka nyaya. "Mwenyewe aliileta niitengeneze, hakurudi. Nikaenda hadi kule alikosema anaishi, majirani wakaniambia nyumba ile haijakaliwa na mtu siku nyingi."

"Na akija kuidai?" mama akauliza.

"Akija, mpe."

Mimi na dada tulitazamana. Mjomba ana tabia ya kusema mambo kama hayo huku anatafuta bisibisi.

Ndani ya mashine mlikuwa na gemu moja tu, ya kupigana, na maandishi yake yalikuwa ya lugha ambayo hakuna aliyeijua kati yetu. Kwa hiyo wapiganaji tuliwabatiza wenyewe. Kulikuwa na Bibi Fimbo, Kipara, Mwalimu Mkuu (alifanana na wa shuleni kwetu mpaka kitambi), Mapacha Mmoja, na wengine hadi wakatimia wanane. Nyuso zao zilijipanga kwenye visanduku, na mwishoni kilikuwepo kisanduku cha tisa, chenye kivuli cheusi tu.

Kivuli hicho tulikuja kukutana nacho. Ukishawapiga wote, muziki unakatika. Unaona chumba kitupu chenye mlango. Mlango unafunguka, anaingia mtu mrefu mwenye koti linaloburuza, na mahali pa uso hapana kitu. Anapiga makofi matatu, taratibu. Kisha anakupiga wewe. Na akishinda hachezi, hacheki, hanyanyui mikono. Anamgeukia yule aliyeshika pedi ya kuchezea, huku nje, sebuleni kwetu, anainamisha kichwa upande kidogo, kama mtu anayejaribu kukumbuka alikuona wapi.

Tulimpenda papo hapo, kupita kiasi. Tulimwita Mwenyewe.

"Mkimaliza gemu kwa kila mpiganaji, wote wanane, kile kivuli kinafunguka," mjomba alituambia. "Mnaweza kumchezesha nyinyi. Kila mkimaliza na mmoja, anapata nyota chini ya uso wake. Lakini hii haina kadi ya kumbukumbu. Mkiizima, imesahau kila kitu."

Dada akajishika kiuno. "Basi mimi siendi shule wala wapi, kabla sijamfungua Mwenyewe."

Mjomba alicheka. Mama alicheka pia, kisha akarudi kuinamia cherehani. Mimi sikucheka. Kwangu neno la dada lilikuwa sheria ya nchi. Nilikwenda uani nikakaa juu ya ndoo na kuhesabu: nyota nane, wiki tatu, dada mmoja.

Kumaliza gemu na mpiganaji mmoja kulichukua karibu saa nzima, na tuliruhusiwa kucheza saa mbili tu kwa siku. Kwa hiyo mashine ilibidi ibaki inawaka, usiku na mchana, televisheni ikiwa imezimwa. Mama alikubali, akaifunika kwa kipande cha kitambaa isiingie vumbi. Taa nyekundu ilionekana kupitia kitambaa hicho kama jicho la mgonjwa. Ukiweka kiganja juu ya mashine, ilikuwa na joto la mtu.

Kila asubuhi wote tuliondoka: mama kibandani kwake sokoni, sisi shuleni. Mimi nilitoka saa sita, nikakaa kwa jirani mpaka dada arudi saa tisa. Jirani huyo tulimwita Mama Funguo, kwa sababu alitunza funguo za nyumba zote za mtaa ule, zimening'inia jikoni kwake kama samaki wa kukausha.

Siku ya nne tulikuwa na nyota sita. Siku ya tano dada alifunua kitambaa, akawasha televisheni.

Hakuna nyota. Hata moja.

"Umeme ulikatika," nikasema.

Dada akatoka mbio hadi kwa Mama Funguo, akarudi anatembea polepole. "Anasema haukukatika. Redio yake ilikuwa inaimba tangu asubuhi." Akaigusa mashine. "Mbona ina moto vilevile?"

Tukaanza upya. Nyota saba tulizipata, na adhuhuri moja zikafutika zote saba. Tukaanza tena, zikafika tano, zikaenda. Kila mara mlango ulikuwa umefungwa, kitambaa kimetandazwa vizuri, taa inawaka.

Dada aliacha kucheka. Alianza kubisha hodi kwenye mlango wetu wenyewe kabla ya kufungua.

"Unambishia nani?" nikamuuliza.

"Kaa kimya, Kiroboto." Ndilo jina alilonipa. Akasikiliza kidogo. "Unajua ninavyofikiri? Hataki kufunguliwa. Sisi tukitoka, yeye anatoka, anajifuta, anarudi ndani."

"Acha bwana."

"Na je, kama siyo yeye wa kwenye gemu? Kama ni yule mwenyewe wa mashine?"

Alisema hivyo saa tisa na nusu mchana, jua linawaka, watoto wa jirani wanagombana nje juu ya mpira. Lakini sebuleni kwetu kulikuwa kimya kama maji ya mtungini, na niliona wazi kabisa sura zetu mbili kwenye kioo cheusi cha televisheni, na mlango wa chumba nyuma yetu, wazi kidogo. Nikaenda kuufunga. Sikumbuki nani aliufungua.

Ikafika Ijumaa ya mwisho. Basi lilikuwa la Jumapili alfajiri. Tulikuwa tumelala na nyota saba, na bado mmoja tu, Mwalimu Mkuu. Siku hiyo baada ya shule nilipitiwa na usingizi wa pono kwenye mkeka wa Mama Funguo, nikaamshwa na dada akinivuta sikio.

"Twende."

Alifungua mlango bila kupiga hodi. Kabla hajagusa kitambaa, alinishika mikono yote miwili, akanipeleka dirishani, akaikagua mbele na nyuma, kucha kwa kucha, kama mhudumu wa afya siku ya ukaguzi.

"Nini?"

Aliiachia mikono yangu. Akafunua kitambaa, akawasha televisheni. Hakuna nyota.

Hapo nilimwona dada yangu akibadilika rangi. "Asubuhi nilisaga chaki nyekundu ya shuleni," akanong'ona, "nikaipaka kwenye swichi ya mashine. Nilijua ni wewe. Nilikuwa na hakika asilimia mia kwamba ni wewe, we mtoto. Tazama."

Nikatazama. Unga mwekundu ulikuwa umefutika katikati, na palibaki alama ya kidole. Dada akaweka kidole changu juu yake. Kikaenea na nafasi ikabaki. Akaweka chake. Kikaenea na nafasi ikabaki.

Wasomaji wapendwa, dada aliogopa, lakini mimi niliogopa mara mbili zaidi yake, na sababu nitaieleza mahali pake.

"Kesho ni Jumamosi," dada alisema. Macho alikuwa ameyakaza. "Hatutoki ndani. Tunacheza kutwa nzima. Aje atufutie tukiwa tumekaa hapa."

Jumamosi mama alikuwa nyumbani, anamalizia shati la mwisho la sare, jeupe, kwa sindano ya mkono. Hakusema lolote kuhusu saa mbili zetu. Alikaa kwenye kiti nyuma yetu, na kila nilipogeuka nilimkuta hatazami sindano, anatazama kisogo cha dada.

Tulibadilishana pedi kutwa. Bibi Fimbo akapata nyota, Kipara, Mapacha Mmoja. Chakula tulikula tukiwa tumeshika pedi. Vidole vya dada vilitoka malengelenge. Karibu saa kumi na moja alibaki Mwalimu Mkuu, mbele yake Mwenyewe, na dada akampiga teke la mwisho akiwa amefumba macho.

Muziki ukakatika. Visanduku tisa vikarudi. Kile cha mwisho kikaanza kupauka, taratibu, kama maji yanapotulia na ukaanza kuona kilichomo chini. Koti. Mabega. Pasipo uso. Makofi matatu. Kisha akainamisha kichwa upande, akatutazama.

Siku nyingi nilikuwa nimeota nitakavyoshangilia. Nikaangua kilio.

"We, tumemfungua! Unalia nini?" Dada alinitikisa bega. "Basi, Kiroboto. Sasa naweza kwenda."

Hapo ndipo mlango ukagongwa.

"Hodi humu ndani!"

Mimi na dada tuliruka kama tumemwagiwa maji. Alikuwa Mama Funguo, amekuja kumuaga msafiri.

"Shikamoo, mama," dada akasema.

"Marahaba, mwanangu. Nenda ukasome, usitusahau. Na huyu analia nini? Atakukumbuka sana! Mchana akiwa kwangu hatulii, 'Mama Funguo, nipe ufunguo nikachukue daftari.' Mara tatu hizi wiki mbili! Daftari gani hilo lisiloonekana?"

Cheko la Mama Funguo likafia njiani.

Dada alinigeukia polepole sana. "Mara tatu," akasema. "Nyota sita, nyota saba, nyota tano. Ni wewe."

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia ukutani. "Ulisema huendi kabla hujamfungua," nikasema.

Nilidhani atanipiga, ningefurahi. Lakini akakunja uso. "Na ya nne? Ya jana? Mikono yako ilikuwa safi. Kidole kile hakikuwa chako."

Hiyo ndiyo sababu niliyoahidi. Za kwanza tatu zilikuwa zangu, kwa hiyo nilikuwa mtu pekee nyumbani aliyejua kwamba mzimu ulikuwa uongo. Ndipo ya nne ikatokea yenyewe.

Nikageuza macho kwa mama, kuomba msaada. Alikuwa amelishika shati jeupe magotini. Chaki ya kazi yake ni ya bluu, miaka yote vidole vyake huwa na bluu. Lakini ndani ya ukosi wa shati, pale ambapo shingo ya dada ingekaa, palikuwa na alama ndogo ya kidole, nyekundu.

Mama aliona ninapotazama. Akasogeza dole gumba, akaifunika.

"Ya nne nilipita dirisha la jikoni," nikasema haraka. "Nililisugua lile doa makusudi, lionekane kubwa."

"Na chaki? Mikono ilikuwa safi!"

"Niliilamba."

"Uliilamba?"

"Yote."

Mama Funguo akapiga kofi, akashika mdomo. Dada alitikisa kichwa akaanza kucheka, machozi yanamtoka. Nyuma yake, mama aliinamisha kichwa upande kidogo na kunitazama, kama mtu anayejaribu kukumbuka alimwona wapi huyu mtoto.

"Nne," nikarudia, nikimtazama yeye. "Zote ni mimi."