Msimamizi wa Ghorofa ya Juu

Wazee wote pale kwenye makao walimwita Nesi, ingawa unesi wenyewe hakuwahi kuusomea hata siku moja. Alikuwa mhudumu. Kazi yake ilikuwa kuwaamsha wazee, kuwaogesha, kuwabadilisha nepi, kuwalisha, kuwageuza wale wasioweza kujigeuza ili migongo isichubuke, na kuwasikiliza. Hilo la mwisho halikuwa kwenye mkataba, lakini ndilo lililomchosha kuliko yote. Alianza kazi hiyo wakati kitindamimba wake ananyonya. Sasa kitindamimba huyo alikuwa na sauti nzito na vindevu vya kutafuta kwa kurunzi, na mama mtu bado alikuwa mhudumu, daraja lile lile.

Mshahara ulikuwa umepanda, tusimsingizie mtu. Ulipanda kama mzee anavyopanda ngazi: mguu mmoja, pumzi ndefu, kisha kukaa chini kabisa. Kilichomwokoa Nesi ni saa za ziada. Jumapili yupo, sikukuu yupo, mwenzake akiugua yupo. Mume wake alikuwa fundi wa majokofu. Joto likizidi anatafutwa kila kona, likipungua anashinda nyumbani akizipangusa bisibisi zake kana kwamba zimekosa nini. Kwa hiyo kodi ya nyumba na ada ya shule zilisimama juu ya zile Jumapili za Nesi.

Pale ghorofa ya juu alifanya kazi na mwenzake waliyemwita Kifupi, mwanamke mwenye kimo cha mtoto wa shule na mikono ya mbeba magunia. Wawili hao walikuwa wameinua wazee pamoja miaka mingi mpaka hawakuhitaji tena kusemezana. Mmoja akishika kwapa, mwingine keshashika magoti, na mzee anajikuta kwenye kiti cha magurudumu kabla hajamaliza kulalamika.

Chumba cha mwisho wa korido alikaa mzee waliyemwita Refa, kwa kuwa ujana wake aliumalizia viwanjani akichezesha mpira. Chai ikichelewa, alikunja midomo akapuliza filimbi isiyokuwepo na kunyoosha mkono juu.

"Kadi ya njano, Kifupi!"

"Hiyo ya ngapi wiki hii? Mbona hunitoi nje nikapumzike?"

"Nikikutoa nani atanivisha soksi?"

Basi wanacheka, chai inanyweka, siku inakwenda.

Siku moja meneja alimwita Nesi ofisini. Alikuwa mtu wa sauti laini, asiyewahi kugombana na mtu, na kwa sababu hiyo hiyo wengi walimwogopa.

"Kaa, mama. Tumekuona."

Nesi akashtuka. "Mmeniona nimefanya nini?"

"Tumeiona kazi yako. Kuanzia mwezi ujao utakuwa msimamizi wa zamu, ghorofa ya juu. Utavaa koti la bluu."

"Na mshahara?" Aliliuliza hilo akiangalia viatu vyake.

"Unapanda, bila shaka. Sasa wewe ni sehemu ya uongozi. Na ukifanya vizuri, mwakani kuna nafasi ya kusimamia jengo zima."

Alisaini pale pale, meneja asije akabadili mawazo. Nyumbani kulikuwa na shangwe. Mume wake alisimama mlangoni kama askari na kumpigia saluti. Kijana wake akauliza kama sasa anaruhusiwa kumwita mama au lazima aombe miadi. Nesi alilijaribu lile koti mbele ya kioo cha kabati, akafunga vifungo, akafungua, akafunga tena. Fedha alizifurahia, ndiyo. Lakini kilichomlainisha moyo ni kwamba baada ya miaka yote ile, kumbe huko juu kulikuwa na mtu aliyejua kwamba yupo.

Mwisho wa mwezi ulipofika, alipokea slipu ya mshahara, akaisoma akiwa amesimama kwenye ngazi. Mshahara wa msingi ulikuwa umepanda kweli. Ila mstari wa saa za ziada ulikuwa mtupu, na jumla iliyokuwa chini ilikuwa ndogo kuliko aliyokuwa akiipata kabla ya cheo. Akaisoma upya. Akateremka hadi kwa mhasibu.

"Hapa kuna makosa, kaka. Jumapili zote niliingia."

Mhasibu hakuinua macho. "Uliingia kama msimamizi. Viongozi hawalipwi saa za ziada. Soma mkataba wako, dada."

"Kwa hiyo nimepandishwa cheo ili nilipwe pungufu?"

"Mimi sipandishi watu vyeo. Mimi nalipa kilichoandikwa."

Alivishwa kilemba cha ukoka, na alikivaa mwenyewe kwa mikono yake miwili. Alijua hivyo pale pale. Lakini jioni ile mume wake alipouliza, alijibu kwamba wamekosea kidogo, watarekebisha. Kumwambia kweli mtu aliyekupigia saluti si jambo jepesi. Na bado kulikuwa na ile nafasi ya mwakani. Akaishikilia hiyo.

Haukupita muda, meneja akamwita tena. Bajeti imebana, alisema. Zamu ya mchana ipangwe watu watatu badala ya wanne.

"Watatu hawatoshi," Nesi alisema. "Saa ya kuogesha, wawili wako bafuni. Korido nzima inabaki na mtu mmoja."

"Ndiyo maana tukakuweka wewe unayeijua kazi. Najua utaona namna."

Hapo Nesi angeweza kukataa. Baadaye alijirudisha mara nyingi kwenye kile kiti, akajisikia akikataa kwa maneno mbalimbali, mengine makali, mengine ya kiungwana. Siku yenyewe alisema, "Sawa," akatoka, akaenda kupanga watatu.

Kifupi aliusoma mpango wa zamu ukutani, mikono kiunoni.

"Nani kapanga hivi?"

"Mimi."

"Kwa akili yako?"

"Nimeambiwa."

"Nawe ukajibu nini?"

Nesi akajifanya anatafuta kalamu mfukoni. Kifupi alimtazama kidogo, kisha akasema, "Haya, bosi." Hakuwahi kumwita hivyo kabla, hata kwa utani. Tangu hapo hakumwita jina jingine.

Mchana mmoja Nesi alikuwa chini kwenye kikao. Wahudumu wawili walikuwa bafuni na mzee mmoja mnene ambaye asingeweza kushikwa na mtu mmoja. Kifupi alibaki na korido. Bibi wa chumba cha tatu akapaliwa na uji, akaanza kubadilika rangi, na Kifupi akamkimbilia, akamwinamisha, akawa anampiga mgongoni huku matapishi yakimtiririkia mikononi. Upande wa pili Refa alitaka kwenda chooni. Aliita. Akaita tena. Alikuwa mtu wa haya, mtu aliyetembea uwanjani mbele ya maelfu ya watu, na hakutaka kujichafulia kitandani. Akainuka mwenyewe.

Nesi aliposikia kelele na kupanda mbio, alimkuta mzee chini kwenye vigae, mguu umegeukia upande usio wake. Hakuwa analia. Alikuwa anajaribu kuvuta shuka ajifunike.

"Nilingoja, Nesi," alisema. "Nilingoja sana."

Kifupi alisimama mlangoni, mikono imelowa. "Nilikuwa kwa bibi. Alikuwa anakata roho mikononi mwangu. Ningemwacha? Niambie, bosi, ningemwacha?"

Refa alipelekwa hospitali. Nyonga ilikuwa imevunjika.

Kesho yake binti yake alikuja kutaka maelezo, mwanamke wa makamo aliyetoka kazini moja kwa moja, kitambulisho cha kazini kwake bado kinaning'inia shingoni. Kabla hajaingizwa ofisini, meneja alimvuta Nesi pembeni.

"Tutasema mhudumu hakuwa kwenye nafasi yake. Si ni kweli hakuwepo?"

"Alikuwa kwa mgonjwa mwingine."

"Sijasema alikuwa wapi. Nimesema hakuwepo."

Wakaketi. Meneja alieleza kwa ile sauti yake laini, akasikitika, akaahidi hatua zitachukuliwa dhidi ya mhusika. Binti alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia Nesi.

"Wewe ndiye ambaye baba anakutaja kila ninapokuja. Niambie wewe. Ilikuwaje?"

 Nesi alimwona meneja anakunja na kukunjua karatasi. Aliiona kodi ya nyumba, akaiona ada ya kijana. Ghafla akajikuta anasema, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza kwa utulivu.

"Walikuwa watatu. Wanatakiwa wanne, na hao wanne nao ni kwa kubanana. Yule mhudumu alikuwa anamwokoa bibi aliyepaliwa. Hakuzembea. Watatu hao niliwapanga mimi. Niliambiwa nipange, nikapanga."

Alidhani binti atamshukuru. Sijui kwa nini mtu hutegemea hivyo. Binti alimkazia macho.

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua."

"Ulijua baba yangu yuko kule na mtu mmoja, ukaenda nyumbani ukala, ukalala."

Aliinuka, akachukua mkoba wake, akatoka bila kuaga mtu.

Meneja hakumpigia Nesi kelele. Alimwomba tu koti la bluu, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kabati. Atarudi kuwa mhudumu, alisema, hakuna anayemfukuza. Ila kuna jambo moja. Mkataba wake wa zamani ulikufa siku aliposaini ule mpya, na sasa utaandikwa mwingine. Kwa hiyo ataanzia daraja la wanaoanza.

"Na miaka yangu yote?"

"Tunaithamini sana, mama."

Kifupi naye hakufukuzwa. Mkataba wake ulikuwa karibu kuisha, ukaachwa uishe.

Jioni ile Nesi alimweleza mume wake yote, kuanzia slipu ya kwanza. Alisikiliza ameshika tama, kisha akasema, "Acha kazi hiyo."

"Niache niende wapi? Makao yote yanalipa hivyo hivyo. Najua kuinua wazee. Hicho ndicho ninachokijua."

"Na mbona hukuniambia toka mwanzo?"

"Ulinipigia saluti," alisema.

Refa alirudishwa baada ya majuma kadhaa, lakini si yule. Mguu ulikataa. Alilala akitazama ukuta, akilishwa anameza, akigeuzwa anageuka, na jina la mtu hakuliita tena. Binti yake alikuja kila Jumamosi. Akimkuta Nesi chumbani, alisubiri nje mpaka atoke.

Zamu ya mchana iliendelea na watatu. Msimamizi mpya alikuwa msichana aliyemaliza chuo juzi tu, mwenye heshima zake, aliyemwamkia Nesi shikamoo kila asubuhi na kumpangia vyumba vizito kwa sababu hakujua vingine ampe nani. Nesi hakumlaumu. Siku moja alimkuta kwenye ngazi ameshika slipu yake ya mshahara, anaisoma kwa mara ya pili. Alitaka kusema kitu, kisha akaona atasema nini, akapita.

Siku yake ya kupumzika, Nesi alipiga moyo konde akaenda kwa Kifupi. Alimkuta uani anafua sare za watoto. Kifupi alimwona, akaendelea kufikicha.

"Nimekuja kukuona."

"Haya, umeniona."

Nesi alisimama akiwa hajakaribishwa hata kigoda. "Niliwaambia ukweli. Mbele ya meneja. Niliwaambia hukuzembea."

"Nimesikia. Kila niliyekutana naye kanisimulia, kana kwamba ni mimi niliyepata zawadi." Kifupi alilikamua shati kwa nguvu mpaka kola ikajikunja. "Ungeusema siku ile unatupanga watatu. Siku ile ungenisaidia, na yule mzee ungemsaidia. Huu wa juzi umekusaidia wewe, upate usingizi."

"Sipati."

"Basi haujamsaidia mtu."

 Redio ya jirani ilikuwa inasoma matokeo ya mpira. Baada ya muda Kifupi alisema, kwa sauti ya mtu anayetoa habari tu, kwamba amepata kazi nyumbani kwa mtu. Anamtunza mzee mmoja, kutwa nzima, hakuna mkataba, hakuna likizo, wanamlipa wakikumbuka.

"Mzito?" Nesi aliuliza. Lilimtoka tu, kwa mazoea.

"Mzito."

"Usimwinue peke yako. Mgongo wako utakwisha."

Kifupi aliacha kufua, akamtazama kwa mara ya kwanza.

"Sasa nimwinue na nani?"

 Kwenye beseni zilibaki nguo chache zilizokwisha kusuuzwa. Nesi alizichukua, akazikung'uta, akazianika kwenye kamba moja moja, na Kifupi hakumzuia, wala hakumshukuru. Zilipokwisha, akafuta mikono kwenye sketi yake, akaaga, na kule nyuma akasikia mlango wa uani unafungwa kwa komeo.