Siku Niliyoigiza Mtakatifu Kalasanzi

Hapa Kimamba mtoto akikataa uji hatishiwi fisi. Anatishiwa mimi. "Kunywa, la sivyo namwita Mwalimu Oswald!" Nimesikia kwa masikio yangu, nikipita nyuma ya nyumba ya Ashrafu wa bodaboda, natoka zangu kununua mkaa. Uji ulinywewa upesi, mpaka mtoto akapaliwa. Mwingine angeona ni sifa. Mimi nilifika nyumbani nimeudhika, mkaa nikautupa uani.

Nimefundisha darasa la kwanza na la pili miaka thelathini na minne, na sitadanganya, nilichapa. Nilimchapa huyo Ashrafu, nikamchapa na mkewe kabla hawajajuana. Nilichapa waliochelewa namba ya asubuhi na waliowahi wakapiga kelele. Wote walijua kusoma! Nilipostaafu wakanifanyia sherehe, wakanivika kitenge, wakaniimbia, kisha kila mmoja akaenda kwake kuwatisha wanawe kwa jina langu.

Mwaka huu kigango chetu cha Kikatoliki kilipata chumba cha chekechea, cha watoto wote wa mtaa, Wakristo na Waislamu. Nilikuwa wa kwanza kuomba kufundisha. Tangu mke wangu afariki nyumba ilikuwa imenishinda kwa ukimya, na binti yangu Magdalena alikwisha kunitandikia kitanda kwake Mikumi. Huko ningewekwa kwenye kiti cha plastiki kando ya barabara kuu, niangalie malori ya Zambia mpaka siku yangu ifike. Sikutaka malori. Nilitaka watoto, na nilikuwa radhi kupiga magoti kwa ajili hiyo.

Padre Ditram ni kijana, hutabasamu hata anapokukatalia.

"Mwalimu, kufundisha unajua," alisema. "Lakini mtoto wa miaka minne hafundishwi na mtu anayemkimbia."

"Watazoea, Padre."

"Basi tuone. Sikukuu ya somo wa kigango chetu, Mtakatifu Yosefu Kalasanzi, tunaigiza maisha yake. Wewe uwe Kalasanzi. Kuna mahali watoto wanamzunguka. Wakikuzunguka wenyewe, bila kusukumwa na mtu, chekechea ni yako. Wasipokuja, mwalimu wangu, nenda Mikumi ukapumzike."

Nikapewa kijitabu nikakisoma mara mbili. Huyu Kalasanzi alikuwa padre Mhispania, alikwenda Roma zaidi ya miaka mia nne iliyopita akitafuta cheo. Akakuta watoto wa maskini wanazurura mitaani, cheo akakisahau, akawafungulia shule ya bure. Alifagia madarasa mwenyewe, akawasindikiza watoto makwao, akawataka walimu wake wawe wapole. Hapo nilifunga kijitabu kwa hasira. Upole, darasa limejaa pomoni! Nilimwambia Odilia katekista kwamba aliyeandika hayo hajawahi kushika chaki.

Odilia ndiye aliyesimamia igizo. Alisoma kwangu, na mpaka leo hawezi kuzungumza nami amekaa.

"Shikamoo mwalimu. Samahani mwalimu," alisema siku ya kwanza ya mazoezi. "Naomba utabasamu."

Nikatabasamu. Mtoto wa mbele akapiga yowe: "Anacheka! Anacheka!" Wakatimka wote, mmoja akaacha kandambili. Wazazi wao walikuwa wamewasimulia kwamba nilikuwa nacheka kabla ya kuchapa. Kwa bahati mbaya, ni kweli.

Siku ya pili nilileta biskuti. Walizichukua kwa mkono mmoja, mguu wa nyuma ukiwa tayari kukimbia, kisha nikasikia shikamoo nyingi kutoka nyuma ya ukuta. Adabu ni adabu. "Marahaba," nikaujibu ukuta.

Siku yenyewe ikafika. Baada ya Misa watu walijaa uwanjani mwa kanisa, hata Waislamu, maana sikukuu ya Kimamba ni ya Kimamba. Nilivaa kanzu ya kuazima iliyoishia magotini. Onyesho la kwanza lilikuwa la kengele: Kalasanzi alipanda kuitundika katika shule yake, akaanguka, akaumia mguu. Kengele yetu ni rimu la lori lililoning'inizwa kwenye boriti. Odilia alikuwa ameniagiza nipande vidato viwili tu vya ngazi, nishuke, nijilaze taratibu.

Lakini mimi sijawahi kufanya kazi nusu nusu, tena mbele ya wanafunzi wangu. Nikapanda vidato vitano. Cha tano kikakatika.

Nilianguka kama gunia la mahindi. Kimamba nzima ikacheka. Walicheka niliowachapa kwa hesabu na niliowachapa kwa imla. Ashrafu alicheka mpaka akajishikiza kwenye pikipiki yake. Nilijaribu kuinuka, mguu ukakataa, na machozi yakanitoka mbele za watu.

Hapo akaja Yusrah, binti wa Ashrafu, umri wake miaka mitano. Hakuwamo hata kwenye igizo. Akasimama mbele yangu, akaniangalia usoni.

"Umeumia?"

"Nimeumia."

"Nani kakuumiza?"

Nikaonyesha ngazi.

Yusrah akaigeukia, akaichapa kibao. "Mbaya wewe! Kwa nini umemuumiza mwalimu?"

Kila mama wa kwetu hufanya hivyo. Mtoto akijikwaa, kinapigwa kile kilichomkwaza, kiwe jiwe au mguu wa meza, mpaka mtoto anyamaze. Watoto wengine walipoona hawakungoja. Wakatoka nyuma ya ukuta, wakatoka mapajani mwa mama zao, wakaikung'uta ile ngazi kwa viganja: "Mbaya! Mbaya! Shika adabu!" Vicheko vya wakubwa vikapungua, vikaisha.

Nami nikalia kweli, na si kwa sababu ya mguu. Watoto wangapi walianguka mbele yangu kwa miaka thelathini na minne! Niliwauliza nani kawatuma kukimbia, kisha nikawaongeza fimbo. Hakuna hata mmoja niliyempigia jiwe lake. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe.

"Nyamaza," Yusrah akaniambia. "Na wewe ipige."

Nikainua mkono.

Watoto wote wakarudi nyuma kwa pamoja. Hakuna aliyewaambia. Odilia naye akarudi nyuma, mtu mzima na kijitabu chake mkononi, na kule kwenye pikipiki nikamwona Ashrafu amefumba macho. Mkono wangu ukabaki hewani. Uwanja mzima ulikuwa unautazama.

Nikaushusha polepole, nikauweka juu ya goti langu.

"Basi," nikasema. "Imepigwa ya kutosha."

Walisubiri kidogo kuona kama ni kweli. Kisha Yusrah akasogea, akakaa chini kando ya mguu ulioumia, na wengine wakaja mmoja mmoja mpaka nikakosa pa kunyoosha mguu mzima. Padre Ditram alikuja na maji na kitambaa, akakuta hakuna njia ya kunifikia. Nikamwambia angoje kwanza, kwa sababu nilikuwa nawauliza majina yao.