Mwalimu Bagenda na Meza ya Gladness

Mwalimu Bagenda alipostaafu kufundisha hesabu alihamia Mkolani, na kwa miaka miwili akatunga mchezo. Ulikuwa ule wa kukaa mezani: mmoja anasimulia kisa, wengine kila mtu anashika mhusika wake, na ukitaka kufanya jambo gumu unarusha dadu kujua kama umefaulu. Wa Bagenda ulihusu wapelelezi wa mtemi wanaotafuta ng'ombe walioibwa. Kanuni zake zilijaza kurasa tisini na sita. Kuvuka mto tu kulihitaji kikokotoo.

Kila Jumamosi mchana alipata wachezaji wawili nyumbani kwake: Nestory, fundi saa asiyependa kelele, na Immaculata, mke wa Bagenda, ambaye tayari alikuwa anaishi humo humo.

Kilichomuumiza ni saluni ya jirani yao, Gladness. Naye alikuwa na mchezo wa namna hiyo, wa dadu moja na kanuni moja: ikitoka namba kubwa umefaulu, ikitoka ndogo utakiona cha moto. Watu walijaa mpaka mlangoni.

"Watu wote wale hawawezi kuwa wamekosea," alisema Immaculata.

"Wanaweza. Nimefundisha darasa la watoto themanini, wote wakakosa swali moja kwa pamoja."

Jumamosi iliyofuata alikwenda kujionea upuuzi huo, daftari mkononi.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema Gladness.

"Marahaba. Mimi natazama tu."

"Hapa hakuna kutazama. Mhusika aliyebaki ni fisi. Ameingia kwenye harusi. Anataka nini?"

Bagenda alifikiri. "Heshima," akajibu.

Baada ya saa moja Mwalimu alikuwa ametambaa chini ya kiti cha kusukia, akibishana na bwana harusi kuhusu haki ya fisi kupewa sahani. Daftarini hakuandika hata neno.

"Mchezo wenyewe ukoje?" Immaculata alimuuliza alipofika nyumbani, akimpangusa vumbi magotini.

"Mbaya sana. Hauna mpangilio." Wiki iliyofuata akarudi, kukusanya ushahidi zaidi.

Siku hiyo alimuuliza Masele, dereva wa bodaboda ambaye kila mara alichagua kuwa mtemi, anaupendea nini mchezo huo.

"Mchezo upi?"

"Huu tunaocheza!"

"Aa. Mimi nafuata vioo, Mwalimu. Vioo vya pikipiki vinanionyesha magari ya nyuma tu. Hapa najiona nikiwa mtemi."

Bagenda akatazama. Kweli, kila mtu alikuwa anaongea na kioo. Hata bibi harusi alikuwa analia huku anajiweka sawa nywele.

Alikimbia nyumbani kwa furaha. Kwa msaada wa Nestory alilisukuma kabati la chumbani, lenye kioo kirefu, mpaka sebuleni.

"Baba Rachel, mimi nitavalia wapi?" aliuliza Immaculata.

"Sebuleni. Isipokuwa Jumamosi."

Habari zikaenea kwamba kwa Mwalimu unajiona mpaka viatu. Jumamosi walikuja watu thelathini na mmoja. Aliwasomea kanuni kuanzia ukurasa wa kwanza, wakaitikia kwa vichwa, vizuri sana, kuelekea kabatini. Masele alivuka mto bila kikokotoo, kisha akauvuka tena, kwa sababu mara ya kwanza kofia haikukaa vizuri.

"Basi mchezo wako sasa umekuwa mzuri," alinong'ona Immaculata.

"Ni ule ule," alisema Bagenda, na uso wake haukuwa wa mshindi. Alikuwa anamfikiria fisi, aliyeachwa amebanwa kwenye jiko la harusi kule saluni. Akampa mkewe zile kurasa, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Saluni ilikuwa karibu tupu. Alikuwemo Gladness, na mezani amekaa Nestory.

"Wewe umefika saa ngapi?"

"Kwako kuna kelele," alisema Nestory.

"Afadhali umekuja, Mwalimu," alisema Gladness. "Harusi imekwama bila fisi."

"Lakini nina kanuni ya kuongeza."

"Kurasa ngapi?"

"Mstari mmoja. Fisi asifukuzwe kabla ya kula."

"Mrefu. Punguza."

Ilimchukua muda, kisha akafuta maneno matatu ya mwisho. Gladness akakubali, wakacheza mpaka mteja wa kusuka alipowatoa.

Sebuleni watu wanaendelea kujaa kila Jumamosi. Immaculata ndiye anayewasimulia, na zile kurasa tisini na sita amewagawia waweke vikombe vya chai juu yake.