Ubongo wa Mpima Viwanja

Baba Pacha ni mpima viwanja. Kazi yake, jamani, ni kuwaonyesha watu mipaka yao. Basi mwanamume huyo huyo, tangu aniache akaoe mke mwingine, kila akitoka kazini anaingia kwangu, anavua viatu, anaketi kibarazani na kuita, "Mama Pacha, chai!"

Siku ya kwanza nusura nimpige na pasi. Mimi ni fundi cherehani, pasi haikai mbali.

"Si mimi, ni ubongo," akasema bila haya. "Daktari amenieleza. Kuna sehemu humu kichwani kazi yake ni kutambua mahali. Ikiona kona ile na geti lile la buluu, inasema tumefika. Miguu inatii tu."

"Na huo mdomo unaoagiza chai?"

"Nao unatii."

Nikampa chai. Kesho yake nikampa tena. Mke wake mpya akanipigia simu akifoka. Nikamwambia agombane na ubongo, mimi ni mwenye nyumba tu.

Lakini nimdanganye nani? Nilishaanza kujipaka wanja jioni. Nilikuwa bado nampenda, mjinga mimi, na swali moja likaninyima usingizi: anakuja kwangu, au anakuja getini?

"Dawa ya moto ni moto," dada yangu akaniambia. "Mpime huyo mpimaji."

Haya. Nikaita mafundi. Ukuta mweupe ukapakwa njano, geti la buluu likang'olewa, likawekwa la kahawia. Lile kuukuu akaniomba jirani yangu mjane, maana lake lilikuwa limeliwa na kutu. Nikampa bure, mwanamke mwenzangu, akalifungisha siku hiyo hiyo. Mimi nikaoga, nikajipamba, nikachemsha chai, nikasimama nje peupe ambapo hata kipofu angenigonga. Nikaapa: akiingia kwenye geti hili asilolijua, basi yaliyopita si ndwele, namrudia. Geti la kahawia ubongo wake haulijui, kwa hiyo kitakachomleta ni moyo.

Akatokea konani, koti begani, anapiga mluzi. Moyo wangu ukaenda mbio kama wa mwari. Akanikaribia. Akaniona, wallahi aliniona, maana alinipungia mkono.

"Habari za jioni, jirani," akasema.

Akapita.

Nikasikia geti likifunguliwa kule kwa mjane, viatu vikitupwa, kiti kikiburutwa. Kisha sauti niliyoishi nayo miaka yote ile ikapaa juu ya ukuta:

"Mama Pacha! Chai leo vipi?"

Na yule jirani yangu, ambaye hajawahi kuzaa hata mtoto mmoja, sembuse pacha, hakuuliza swali. Akaitikia kwa sauti laini ambayo sijapata kumsikia nayo:

"Abee!"